Nimechaguliwa kusoma maji ya ardhini, niende au nibaki Tanga?

Mwana_Mwambani: Shikamooni wakubwa. Nimepata Chuo cha Maji Dar, diploma ya haidrojiolojia na uchimbaji visima, zimebaki wiki mbili niripoti na sijui niende au nibaki hapa nijiajiri. Ajira zipo kweli? Usingizi sipati.

Upepo_wa_Kusi: Nenda dogo. Mimi niliacha ualimu nikakimbilia bodaboda, leo mgongo haunyooki.

Fundi_Pampu: Kujiajiri kwenye nini? Mbona hujasema.

Mwana_Mwambani: Kuuza maji.

Fundi_Pampu: Ya kisima? Kipo wapi, na hela ya nani?

Mwana_Mwambani: Haya nasema. Ada aliyonipa mjomba nimeshampa mchimbaji. Kisima kipo Mwambani, hatua mia mbili toka baharini, kina mita 35. Mjomba hajui. Ila bomba likikata siku tatu watu wanagombania dumu, hesabu nilipiga ikakubali.

Mama_wa_Zigi: Hela ya ada ni amana mwanangu. Sisi huku Amani tumeacha kulima mita 60 kando ya mto Zigi ili bwawa la Mabayani lisijae tope mpate maji huko mjini, nyie mnatoboa tu.

Mpima_Visima: Kibali cha kutumia maji toka bodi ya maji ya bonde la Pangani unacho? Sikiliza, maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya bahari. Yakisimama mita moja juu ya usawa wa bahari, chini yake unayo kama mita 40, basi. Ukivuta kwa nguvu yakashuka hata kidogo, chumvi inapanda mara arobaini ya hapo.

Jicho_Kavu: Chai hii. Mchimbaji gani anafika mita 35 bila kupima? Kisa kama hiki nilishakisoma, ila cha Bagamoyo.

Mwana_Mwambani: Kaka situngi. Mwanzo yalikuwa matamu, bibi akayasifia. Sasa sabuni haitoi povu, sufuria ikikauka inabaki na unga mweupe pembeni, mchicha umeungua ncha za majani, na wateja wamenirudishia madumu. Nawaza nishushe mita 20 zaidi.

Jicho_Kavu: Mchicha huo... basi nisamehe mdogo wangu.

Mpima_Visima: Usishushe hata moja! Chini ndiko kwenye bahari yenyewe. Zima pampu, kipumzike, kisha kapimishe chumvi. Na mjomba mwambie wewe mwenyewe kabla hajapiga simu chuoni.

Mwana_Mwambani: Nimezima. Mjomba anashuka Ijumaa toka Muheza. Hicho kibali kinaombwa ofisi gani hapa mjini?