Waranti ya kichezeo cha kutafuna isiyohusu kutafuna: huu ni wizi wa mchana

Wakuu, naanzisha huu uzi nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha.

Nimeiandikia kampuni iliyotengeneza kichezeo cha mbwa wangu. Boksi lake limeandikwa kwa herufi kubwa kuwa ni cha "watafunaji wakali", hakiharibiki, na kina waranti. Nimetuma picha, nimetuma risiti, nimetuma kila walichotaka. Jibu likarudi: waranti haihusu uharibifu unaotokana na kutafuna. Rudieni kusoma hapo. Kitu kimetengenezwa ili kitafunwe, kimetangazwa kwa wenye mbwa wanaotafuna, na kikitafunwa tu waranti imekufa. Nikauliza, sasa hiyo waranti inahusu nini? Nikajibiwa inahusu kasoro za kiwandani, na kichezeo changu kilitoka kiwandani kikiwa kizima. Kilitoka kizima, ndiyo, na jioni ya siku niliyokifungua kilikuwa vipande vipande sakafuni.

Kampuni nyingine, kabla ya hii, walikubali kunibadilishia lakini mara moja tu. Cha pili kilipokwenda njia ileile wakanikumbusha kwamba chini ya boksi, kwa maandishi ya kusomwa kwa lenzi, wameandika "hakuna kichezeo kisichoharibika". Mbele ya boksi wanasema hakiharibiki, chini ya boksi wanasema kila kitu huharibika. Wanachukua hela kwa kauli ya mbele, wanajitetea kwa kauli ya chini.

Naomba niwaelezee mbwa wangu, Chui, anavyofanya, maana wanaotengeneza hivi vitu ni kama hawajawahi kukaa chini wakamwangalia mbwa na kichezeo chake mwanzo mpaka mwisho. Chui ni jike, mchanganyiko, kifua kipana, mwili wa wastani. Akipewa kitu kipya hakimbii nacho. Analala chini, anakibana katikati ya miguu ya mbele, anakigeuza taratibu huku akikinusa mpaka apate pa kuanzia: ukingo wa tundu, alama ya pale mpira ulipounganishwa, lebo, mshono, sikio la mdoli. Hapo anatumia meno madogo ya mbele, yale sita ya juu na sita ya chini, kunyanyua kiuzi au ncha ya mpira. Akishaipata anahamishia upande, kichwa kinalala, jicho moja linafumba nusu, na gego kubwa la pembeni linaanza kukata. Mpira unalalamika kidogo, halafu unasikia mlio mfupi wa kitu kukatika. Kipande kimetoka. Kuanzia hapo kichezeo hakina maisha, kwa sababu kila mkato unampa ukingo mpya wa kushika.

Kwa hiyo habari za "nguvu ya taya" zinazoandikwa kwenye matangazo hazigusi kiini cha tatizo. Mbwa anatafuta mahali dhaifu, akipakosa anachoka na kuacha. Basi kwa nini kila kichezeo "kigumu" kinakuja na masikio, mikia, vidole, kamba ya kuning'inia na lebo ya kitambaa iliyoshonwa ukingoni? Lebo ya kampuni yenyewe ndiyo mlango wa kuingilia! Wametengeneza kitu cha kumpendeza mnunuzi dukani, mbwa hakuwa akilini mwao.

Midoli ya kitambaa, hata ile inayosifiwa kuwa na tabaka mbili za kitambaa cha turubai, sitaizungumzia sana. Mshono unafumuka, pamba inatoka, kile kidude cha plastiki kinacholia kinatafutwa mpaka kinapatikana, na ndicho cha kwanza kumezwa. Plastiki na kitambaa mara nyingi havionekani vizuri kwenye eksirei, hivyo mnyama anaweza kupigwa picha na daktari bado asione kilichoziba.

Kamba ndizo zinazoniogopesha kuliko vyote. Zinauzwa kama kitu salama, tena wanaongeza kwamba nyuzi zake zinasafisha meno. Mbwa akimeza uzi mrefu, ncha moja ikanasa tumboni na nyingine ikashuka, utumbo unaendelea kusukuma na kujikunja juu ya uzi huo kama kiuno cha kaptura kwenye kamba yake. Uzi ukikazana unaweza kukata ukuta wa utumbo, na hapo ni upasuaji wa haraka. Mbwa akianza kutapika, akakataa chakula, akazubaa au akaupinda mgongo kwa maumivu, usisubiri kesho. Na ukiona uzi unaning'inia nyuma, usiuvute, mpeleke kwa daktari ukiwa hivyohivyo. Maneno haya yalipaswa kuwa kwenye kila pakiti ya kamba ya mbwa. Kwenye pakiti niliyonayo hapa kuna picha ya mbwa anacheka.

Sasa njooni kwenye upande wa pili, ambao ndio umenifikisha hapa. Ukilalamika kwamba mpira umekatika, muuzaji anakushauri uchukue "mfupa" wa nailoni ngumu, au pembe ya swala, au kwato. Hivyo kweli havikatiki. Kinachokatika ni jino. Ganda gumu la nje la jino la mbwa ni jembamba kuliko la binadamu, halifiki hata milimita moja. Jino linaloumia zaidi ni lile gego kubwa la juu, la nne katika magego ya mbele, lile la kukatia. Mbwa akilibana na kitu kisichobonyea, ubavu mzima wa jino unaweza kubanduka kama bapa na kuacha kiini wazi.

Hilo limempata Chui. Nilianza kuona anatafuna upande mmoja tu. Daktari alipomnyanyua mdomo, bapa lilikuwa limebanduka hadi chini ya ufizi na katikati kulikuwa na kidoa chekundu. Jino liling'olewa. Nilikuwa nimenunua mfupa uliosifiwa kuwa unafaa kwa mbwa wa aina yake hasa, na daktari akaniambia anaona majino ya namna hiyo mara kwa mara kwa sababu ya mifupa hiyohiyo. Mbwa hata hakulia. Wengi wao hawalii, wanaendelea kula na maumivu yao. Nikifikiria alivyokuwa anakuja kunilalia miguuni jioni zile huku jino limepasuka, nashindwa kuongea na hawa watu kwa upole.

Madaktari wa meno ya wanyama wana kipimo rahisi: bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kama hakibonyei hata kidogo ni kigumu mno kwa meno. Kingine ni kujiuliza kama ungekubali kujigonga nacho kwenye goti. Swali langu ni kwa nini mimi mnunuzi nisimame dukani nikibonyezabonyeza vitu kwa ukucha wakati kiwanda kinayo namba.

Ndiyo, namba ipo! Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo kinachoitwa Shore. Kifaa kinakandamiza sindano kwenye mpira na kusoma kuanzia 0 hadi 100. Herufi A ni ya mpira, D ni ya plastiki ngumu. Mpira wa tairi la gari upo kwenye 60 hadi 70 A hivi. Anayetengeneza mpira bila kujua namba hii hatengenezi mpira, anabahatisha. Na kuna kipimo kingine muhimu zaidi kwetu, cha kustahimili kuchanika. Katika baadhi ya vipimo hivyo wanachukua kipande cha mpira ambacho tayari kimetiwa mkato mdogo, wanakivuta, wanaona mkato unakimbia kwa nguvu kiasi gani. Hicho ndicho anachofanya mbwa. Chonge inatia mkato, gego linauendeleza. Mpira unaweza kuwa mgumu na bado ukachanika kama biskuti, na mwingine ukawa laini kiasi lakini ukakataa kuchanika. Kuzidisha ugumu ndiyo njia ya mkato ya kumnyamazisha mteja anayelalamika, na gharama yake inalipwa na meno ya mbwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kitu kizuri kinawezekana, na kimewezekana tangu miaka ya 1970. Joe Markham wa Marekani alikuwa na mbwa aliyeitwa Fritz, German Shepherd, aliyekuwa akiharibu meno kwa kutafuna mawe. Siku akitengeneza gari la Volkswagen, Fritz akapendelea kipuri cha mpira cha chini ya gari kuliko mawe. Kutoka hapo kikazaliwa KONG, kichezeo cha mpira cha mbwa. Kipuri cha gari hakitengenezwi kwa kukisia. Kimepangiwa kibebe uzito kiasi gani, kibonyee kiasi gani, kidumu kiasi gani. Kama mpira wa chini ya gari una vipimo, wa mdomoni mwa mnyama unakosaje?

Linganisheni na vichezeo vya watoto. Kuna silinda maalumu ya kupimia yenye upana wa milimita 31.7, na kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka 3, au kipande chake, kikiingia humo hakiruhusiwi sokoni. Marekani na Umoja wa Ulaya wote wanatumia silinda hiyo kisheria. Kwa kichezeo cha mbwa, kiumbe anayetumia meno 42 muda wote wa mchezo, hakuna kipimo cha lazima cha namna hiyo kwao kote. Kampuni inajipima yenyewe, inajipa alama yenyewe, inaandika "imara zaidi" kwa kujilinganisha na kitu isichokitaja.

Na hizo saizi! Wanaandika "kilo 20 hadi 30" kana kwamba mbwa wote wa uzito mmoja wana mdomo mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulipima nguvu ya kuuma ya mbwa 22 wa nyumbani na kupata kuanzia nyutoni (kipimo cha nguvu) 13 hadi 1,394. Mwenye pua fupi na taya pana hatafuni kama mwenye mdomo mrefu mwembamba. Kuna anayeguguna pole kwa saa nzima, kuna anayechana na kutema, kuna anayemeza bila kutafuna. Huyu wa mwisho ndiye aliye hatarini kuliko wote na hakuna lebo inayomtaja. Mipira nayo mtu anauziwa midogo inayoweza kukwama kooni, au yenye tundu moja tu. Tundu likiwa moja, ulimi ukiingia hewa inanyonywa na ulimi unanasa humo unavimba. Tundu la pili la kupitisha hewa lingetosha kuzuia hilo, na bado kuna wanaotoa mipira yenye tundu moja.

Najua watakuja wa kuniambia nimtembeze achoke. Chui anatembezwa, anakimbizwa, anafundishwa kila siku. Kutafuna si utovu wa nidhamu. Mbwa mtoto anatafuna zaidi kwa sababu meno 28 ya utoto yanatoka yanakuja ya ukubwani, lakini mbwa mzima naye hutafuna kutuliza akili, kupitisha muda, kukabili upweke. Ukimnyima cha kutafuna atahamia mguu wa meza. Na wanaosema "kila kichezeo msimamie" nakubaliana nao kabisa kuhusu usalama, ila hilo haliondoi swali la kwa nini nimeuziwa kitu kwa sifa ambayo hakina.

Kwa ambao wana mbwa kama wangu na wanahitaji kitu leo, hiki ndicho kinachoshika kwa sasa. Mpira asilia mzito, ukuta mnene, umbo la mviringo lisilo na pa kushika, tundu mbili, saizi moja juu ya ile ya lebo. Nalowesha chakula chake cha kawaida, nakijaza ndani, nakigandisha. Barafu ikiwa ndani ya mpira analamba, meno hayafanyi kazi ya kukata. Hamu ya kuchana namaliza kwa maboksi ya karatasi nikishatoa pini na selotepu, mbele ya macho yangu, na mabaki nayaokota. Vichezeo havikai sakafuni siku nzima. Anapewa, vinarudi kabatini, kesho anapewa vingine, hivyo havimchoshi. Kikianza kutoa kipande, hata kidogo kama punje, kinakwenda kwenye pipa siku hiyohiyo.

Ninachodai kwa kampuni ni vitu vichache na vyote wanavyo. Andikeni aina ya mpira au plastiki iliyotumika. Andikeni namba ya Shore na kiwango cha kustahimili kuchanika. Waranti ya kichezeo cha kutafuna ihusu kutafunwa, na kama hamuwezi, futeni neno "waranti" mbele ya boksi. Vigumu vinavyovunja meno viwekewe onyo linaloonekana, kwa ukubwa uleule wa jina la kampuni.

Jibu la barua pepe nililopewa nimelihifadhi lote. Aliyewahi kuuliza kampuni yoyote namba ya ugumu na akajibiwa, aiweke hapa kama alivyopewa, pamoja na picha ya kichezeo chenyewe baada ya mbwa wake kukishughulikia. Na kama ulikataliwa, weka hilo jibu la kukataliwa pia.