Dycal inabanduka nikiosha tundu, ipi inashika dentini (sehemu ngumu ya jino chini ya enameli) vizuri?

jino_la_mwisho: Wakuu naomba msaada. Nikiweka Dycal (dawa ya kalsiamu hidroksidi) juu ya palpu (nyama laini yenye mishipa ndani ya jino) iliyofunguka halafu nikapitisha asidi ya kuandaa jino lishike kizibo na kuosha, mara nyingine inang'oka nzima inatoka na maji, nabaki naangalia kale kadoa kekundu tena. Nasikia MTA na Biodentine, dawa nyingine za kufunika palpu, zinashika zaidi, kweli au maneno ya wauzaji? Na TheraCal, nayo ya kufunika, je

Dkt_wa_zamu: Dycal haishiki dentini mkuu, imekaa tu pale. Kazi yake ni ule ualikali, pH ya juu, unaoichokoza palpu ijenge dentini mpya, ila muda ukienda inayeyuka chini ya kizibo inaacha uwazi, bakteria wakipenya hapo ndo basi tena. MTA na Biodentine ni simenti za kalsiamu siliketi, zinaingiza madini kwenye vile vijitundu vya dentini zinajishikiza humo, kwa hiyo ziko mbele. Lakini nguvu haiji siku hiyohiyo. MTA ile ya kawaida inataka zaidi ya saa 2 na nusu kuganda, Biodentine kama dakika 12, na kuganda siyo kukomaa, ukiibandikia kompositi (kizibo cha rangi ya jino) mapema mshiko unakuwa dhaifu, ndo maana wengi wanajaza Biodentine tundu lote, mgonjwa anarudi baada ya wiki 2 hivi wanapunguza juu wanaweka kompositi.

mzee_wa_bondi: TheraCal ina rezini (aina ya plastiki), unaigandisha kwa taa papo hapo na kompositi inaikubali vizuri. Ila tabaka lisizidi mm 1, rezini mbichi juu ya palpu mimi siipendi hata kidogo

jino_la_mwisho: Kwa hiyo nitafute inayoshika kuliko zote?

Dkt_wa_zamu: Hapana, usitegemee hiyo kitu ikubebee kizibo. Weka kidogo juu ya kidonda, funika na glasi ayonoma (simenti ya meno) maana yenyewe inashikana na kalsiamu ya jino, halafu ndo ulete asidi na bondi (gundi ya kizibo). Muhimu dentini safi ibaki pembeni pande zote. Mtu anapaka Dycal sakafu nzima ya tundu kama fundi anapiga lipu, halafu analalamika bondi haishiki, itashika wapi sasa?

mzee_wa_bondi: Na kama umesimamisha damu kwa hipokloraiti (dawa ya kuua vijidudu) osha sana na maji, inaacha oksijeni inayozuia rezini kuganda sawasawa. Damu ikigoma kabisa kukata, achana na habari za mshiko, palpu hapo imeshavimba, fikiria kukata sehemu ya hiyo palpu