Jumatatu mmemwachisha baba kazi, Alhamisi mnamwita "mwanafamilia" anunue gari?!

Binti wa Milango:

Wakuu, hapa ninapoandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnisamehe. Jina la kampuni sitaji. Mnawajua. Nembo yao iko mbele ya nusu ya magari yanayopita hapo nje kwenu, nendeni dirishani mkahesabu.

Jumatatu wamemwachisha baba kazi. Miaka 26. Leo Alhamisi, saa nne asubuhi, simu yake inalia, anafungua ujumbe: "Ndugu mwanafamilia wetu, toleo jipya limefika! Kama mfanyakazi wetu, punguzo lako linakusubiri."

MWANAFAMILIA.

Siku tatu jamani! Hata injini ukiizima unaiacha ipoe kwanza ndiyo ufungue boneti.

Jumatatu kadi yake ya getini ilizimwa kabla hajamaliza kusoma barua. Vitu vyake vililetwa nje ndani ya boksi na mlinzi ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, na yule kijana alishindwa kumtazama usoni. Yaani mtambo wa kuzima kadi ulipata habari ndani ya dakika moja, ila mtambo wa kuuza magari mpaka leo haujaambiwa.

Baba alikuwa kwenye milango. Kwa msiojua, mlango wa gari haukazwi bolti ukaisha. Kuna bawaba mbili, kuna kitasa, kuna mpira wa kuzuia maji, na ule mwanya kati ya mlango na bodi unapimwa kwa milimita. Ukikosea kidogo, upepo unapita gari likiwa mwendoni na mluzi unaanza. Baba alikuwa anaufunga mara moja tu, anasikiliza, anajua. Tukiwa popote, gari la nembo ile likifungwa mlango nyuma yetu lazima ageuke. "Ule mlango, bawaba ya juu imelegea." Mwenye gari anabaki anamshangaa.

Na sisi tulilelewa ndani ya ile nembo. Baba mdogo aliwahi kununua gari la washindani, baba hakumsemesha miezi miwili. Ndugu wa tumbo moja! Mimi shuleni nilipigana na mtoto aliyesema magari yetu yanakunywa mafuta. Magari YETU. Nilikuwa na miaka tisa na nilisema yetu, na sikuwa hata na baiskeli. Pale kiwandani ukija na gari la washindani unaegesha kule mwisho wa dunia, mpaka ufike getini ndevu zimeota. Baba hakuwahi kuegesha kule hata siku moja, miaka 26.

Baada ya ule ujumbe hakusema kitu. Alichukua wembe akatoka nje, akaanza kukwangua stika ya maegesho kwenye kioo cha mbele. Taratibu, kwa pembe ya wembe, asije akakwaruza kioo. Imebaki alama ya gundi, mraba mdogo. Akishamaliza akausukuma mlango wa gari kwa kiwiko na kuingia ndani ya nyumba. Hakusikiliza, wakuu. Nilikuwa nimesimama pale nikamwona. Mlango umefungwa na hakusikiliza.

"Ndugu mwanafamilia wetu"!!!

Haya, familia inawajibu. Mdogo wangu alikuwa aanze kulipia gari lao mwezi ujao, amefuta leo leo. Mama mdogo analiuza lake. Baba mdogo kapiga simu kutoa pole, na Mungu ambariki, ile miezi miwili hakuitaja. Wameokoa mshahara mmoja wamepoteza wateja kumi na mmoja, nimewahesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Mimi kununua gari lao? Heri nipandishwe kwenye toroli nisukumwe.

Bolti Kumi:

Siti ya mbele kabisa. Pole sana dada. Hiyo ya siku tatu imeniuma kuliko barua yenyewe.

Mzee wa Spana:

Mleta uzi punguza povu. Kampuni siyo mama yako. Magari yakidoda watu wanapunguzwa, dunia nzima ndivyo ilivyo. Ulitaka walipe watu kukaa kuangalia mkanda wa kuunganishia magari uliosimama?

Binti wa Milango:

Mzee wangu, kwa heshima zote, nimeandika wapi wasipunguze? Nimesema SIKU TATU. Nimesema MWANAFAMILIA. Rudi usome.

Gia ya Tano:

Mzee wa Spana, kulipa watu mkanda ukiwa umesimama kumeshafanyika. 2008 mafuta yalipopanda na pikapu zikadoda, Toyota walisimamisha mikanda ya pikapu kule Texas na Indiana, Marekani, kwa miezi kama mitatu. Wafanyakazi wa kudumu walibaki kwenye malipo, wakawekwa kwenye mafunzo. Na 1950, kampuni hiyo hiyo ilipopunguza watu na mgomo ukawaka, rais wake Kiichiro Toyoda alijiuzulu. Wenzake walipotoka na yeye akatoka. Dada, bosi wa kwenu naye katoka?

Binti wa Milango:

Bosi wa kwetu ndiye yuko kwenye picha ya ule ujumbe. Anatabasamu, ameegemea mlango. MLANGO, wakuu! Baba ameikuza ile picha kwa vidole viwili akaitazama muda mrefu. Nilidhani anamtazama bosi. Alikuwa anatazama mwanya.

Bolti Kumi:

Ukoje?

Binti wa Milango:

Hakuniambia.

Zamu ya Usiku:

Habari ya maegesho haiko kwenu peke yenu. Januari 2006 kiwanda cha pikapu cha Ford pale Dearborn, Marekani, kilitangaza kwamba mfanyakazi mwenye gari la kampuni nyingine asiegeshe karibu, aende ng'ambo ya barabara. Mwezi huo huo Ford ikatangaza kufunga viwanda 14 na kupunguza kazi kati ya 25,000 na 30,000 Amerika Kaskazini. Yaani wewe unadaiwa uaminifu hadi kwenye maegesho, na wakati huo huo orodha ya majina iko mezani. Mapenzi ya upande mmoja.

Sina Deni:

Dada yako angalau alipewa barua. Mimi walinitoa kwenye kundi la simu la kazini nikiwa ZAMU. Bado nimeshika bisibisi, naona "umeondolewa na msimamizi". Nilimaliza zamu nzima nisijue kama nalipwa au najitolea.

Bolti Kumi:

Sina Deni, aliyeachishwa ni baba yake, siyo dada yake. Soma uzi.

Sina Deni:

Baba, dada, maumivu ni yale yale. Mimi hakuna aliyeniletea hata boksi.

Mama Pacha:

Kwa wanaosema watu watasahau: Australia, Holden ilikuwa gari la taifa, ndugu walikuwa wanataniana kwa Holden na Ford kama timu za mpira. Ford wakaacha kutengeneza magari huko 2016, kiwanda cha Holden cha mji wa Elizabeth kikafungwa Oktoba 2017. Mwanzoni mwa 2020 General Motors, wenye Holden, wakatangaza kwamba nembo yenyewe ya Holden inaondoka sokoni. Hesabuni wenyewe ilichukua muda gani. Mtu akishaambiwa gari halitengenezwi tena kwao, kwa nini alishabikie? Binti, mwambie mzee asijilaumu kwa lolote.

Mzee wa Spana:

Holden walikuwa na matatizo mengine mengi, msimpe mtoto wa watu matumaini kwamba kampuni itakufa kwa sababu ya hasira ya nyumba moja.

Mama Pacha:

Nyumba moja? Kiwanda kina nyumba ngapi nyuma yake, mzee? Na kila nyumba ina kina baba mdogo wangapi?

Kandambili:

Samahani naingilia. Mimi ninalo gari la hao hao jamaa na mlango unapiga mluzi kama refa anaona penalti kila kona. Mleta uzi, muulize mzee alikuwa zamu siku gani.

Binti wa Milango:

Wewe Kandambili usinichefue! Baba hakuwahi kutoa mlango wenye mluzi. Utakuwa umegongwa ukanyooshwa na fundi wa vichochoroni.

Kandambili:

Halijawahi kugongwa hata na mpira wa watoto. Mlango wa nyuma.

Fundi Umeme:

Huo ni mpira wa mlango umekauka. Usafishe, paka mafuta ya silikoni, wiki moja mluzi hausikii.

Mzee wa Spana:

Silikoni inavuta vumbi. Badilisha mpira mzima.

Fundi Umeme:

Mzee, silikoni ipi hiyo inavuta vumbi? Wewe unaongelea grisi.

Mzee wa Spana:

Nimeshika spana kabla hujazaliwa. Inavuta vumbi.

Zamu ya Usiku:

Weka kipande cha karatasi kwenye mlango, ufunge, uvute. Karatasi ikitoka kirahisi, mpira haubani pale. Songa nayo kidogo kidogo mpaka upate sehemu inayovuja upepo.

Sina Deni:

Kwa hiyo hakuna wa kunijibu kuhusu malipo ya ile zamu?

Fundi Umeme:

Karatasi nayo ni kipimo? Siku hizi kuna vifaa.

Binti wa Milango:

Nimemsomea baba haya ya mluzi. Alikuwa amelala, ameamka. Anauliza ni mlango wa nyuma wa kushoto au wa kulia.

Kandambili:

Kushoto. Mwambie unaanza nikifika mwendo wa 80, chini ya hapo kimya.

Mzee wa Spana:

Badilisha mpira.