Harusi Dar, tuweke mwezi gani?

Wadau naombeni ushauri, mimi na mwenzangu tunafunga ndoa mwakani 2027 hapa Dar, yeye anataka Aprili mara tu baada ya Pasaka coz kumbi zinakuwa bei poa, mimi nasita. Mnasemaje?

bibi_kigoda: Aprili ni masika dada, usithubutu. Mdogo wangu alifanya mwezi huo, Mbezi huko, gari la maharusi likakwama kwenye tope mita chache tu kutoka ukumbini, bi harusi akabebwa mgongoni na bestimani, gauni chini lote rangi ya udongo na MC anajifanya haoni 😂 Wageni nusu hawakufika, biriani tukagawa mtaa mzima.

mzee_wa_kamati: Kumbi ni bei poa kwa sababu hiyohiyo. Nendeni Julai au Agosti, kipupwe, hata makeup haimwagiki. Desemba nayo msiende, Wachaga wote wako Moshi na joto la Dar mwezi huo si mchezo, halafu Januari nayo ukiomba michango watu wanalilia ada za shule.

mamaJ: Kama ni Wakatoliki muwahi kwa paroko, matangazo yanasomwa Jumapili tatu. Februari nayo sahau, 2027 Kwaresma inaanza tarehe 10 na Ramadhani ni siku hizohizo, utamlisha nani?

muuliza swali: Haya, nimemsomea hiyo ya tope akanyamaza kabisa. Tunaenda kuulizia ukumbi wa Agosti. Kadi za mchango mtaziona jamani 😅