Mjadala: kemisti auze antibiotiki bila karatasi ya daktari ama asiuze?

MamaWawili_Kayole:
Wadau, hii naiweka hapa tuiongee bila matusi. Sheria ya Kenya iko, antibiotiki (dawa za kuua bakteria) ni dawa ya karatasi, na Bodi ya Famasia na Sumu ndio yenye kazi ya kuisimamia. Lakini wewe tembea Kayole, Githurai, Kawangware, ingia kemisti uitishe amoksilini (antibiotiki ya jamii ya penisilini) uone utaulizwa nini. Utaulizwa ya pesa ngapi. Si unaumwa wapi, si penisilini imewahi kukudhuru, ni ya pesa ngapi tu, unasema ya soo (shilingi mia), unakatiwa nusu stripu, unatiliwa kwa kibahasha cha khaki kimeandikwa 1x3 na kwaheri.

Msimamo wangu: kwa karatasi tunaweza kubishana hadi usiku, lakini kuuza dosi kwa kupima mfuko wa mtu kukomeshwe hata kesho. Siku ya kwanza na ya pili wanaokufa ni bakteria wale wanyonge, unaskia nafuu, unaacha, na wale sugu ndio wanabaki wakizaana. Si jambo geni hili. Fleming, aliyeigundua penisilini 1928, alipopewa Nobel 1945 alionya itafika siku mtu yeyote ataweza kuinunua dukani halafu ajipe dosi ndogo isiyotosha. Si ndio hapa tulipo?

Mjengo_Pipeline:
Mama, heshima kwako lakini unaongea kama mtu ako na bima. Mimi ni wa mjengo, siku sijaenda ni siku sijalipwa. Dispensari nipange laini alfajiri nitoke mchana, halafu nipewe karatasi niambiwe dawa hakuna, kanunue nje. Nje ni wapi? Si ni kemisti ile ile! Sasa hiyo karatasi imenifaa nini. Soo ndio niko nayo leo, ile nusu ingine nitachukua Ijumaa tukilipwa. Mkifunga huo mlango watu watanunua kwa jamaa wa kuchuuza na begi.

NyumaYaKaunta:
Mimi ni famtek, fundi wa dawa hapa kemisti, nawaambia ya upande huu. Nusu dosi ni shida lakini si ndio kubwa. Wengi wanaokuja kuitisha antibiotiki wako na mafua na kikohozi cha baridi, hasa Julai, na hiyo ni virusi. Amoksilini haigusi virusi hata umeze katoni nzima. Makamasi kuwa ya kijani pia si ushahidi wa bakteria, hiyo watu hukataa kuamini kabisa. Kwa hivyo mgonjwa kama huyo nikimuuzia dosi kamili sijamsaidia, nimemuulia tu bakteria wazuri wa tumbo, aanze kuhara, na wale sugu wapate nafasi. Nikikataa anavuka barabara ananunua hapo ng'ambo, na mwenye duka ananiuliza mauzo yako wapi.

Na hii ya "maliza dosi" tuiseme vizuri. Siku zinategemea ugonjwa. Nimonia ya kawaida ya mtoto siku 5 mara nyingi zinatosha, TB mara nyingi ni miezi 6. Kama unaskia uko sawa kabla dosi iishe, uliza aliyekuandikia, usijikatie mwenyewe.

KukuWaRuai:
Na agrovet, duka la dawa za mifugo, mbona hamjaitaja? Oksitetrasaiklini ya kuku, nayo ni antibiotiki, nachukua hapo bila swali lolote, na najua watu wanauza mayai siku hiyo hiyo ya dawa. Mnakomoa tu kemisti.

Wanja_Embakasi:
@Mjengo kaka, hiyo ya soo ndio ghali. Dada yangu kila UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ikirudi alikuwa anauziwa sipro, antibiotiki pia, zile chache chache, inatulia inarudi. Mwisho mkojo ukaoteshwa maabara, ikangojwa siku kadhaa, majibu yakaonyesha sipro haifanyi kitu tena kwa hao bakteria, akawekwa sindano. Hiyo bili ingenunua dosi kamili mara ngapi? Na duniani mwaka 2019 watafiti walikadiria watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa usugu wa bakteria, si hadithi ya daktari wa TV.

Mjengo_Pipeline:
Pole kwa dada. Haya, sasa niko mbele ya kaunta na soo yangu, nifanye nini?

NyumaYaKaunta:
Eleza dalili kwanza, usitaje dawa. Kama ni mafua, hiyo soo nunua Panadol na ndimu ubaki na chenji. Kama unapumua kwa shida, unakohoa damu ama homa haishuki, usinunue chochote kwangu, enda hospitali. Kama kweli unahitaji antibiotiki, niambie ukiwa na mimba, mzio ama dawa zingine unazomeza, maana mimi siwezi kuota. Doksi (antibiotiki nyingine) na sipro usimeze na maziwa wala ile dawa nyeupe ya kutuliza asidi ya tumbo, zinashikwa tumboni haziingii mwilini vizuri. Doksi meza na maji mengi na usilale hapo hapo, inachoma koo. Flagyl, nayo antibiotiki, na pombe hapana, hata kama ni Furahidei. Ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, na ile ya maji ikibaki mwaga, usimwekee ndugu yake.

MamaWawili_Kayole:
Nimeskia, na bado niko pale pale kwa nusu dosi. Ila naongeza: dispensari ziwekewe stoku, ndio karatasi iwe na maana. @KukuWaRuai, agrovet pia zishikwe, hapo uko sawa.

Mjengo_Pipeline:
Kwa stoku tumeskizana. Nusu dosi mkitaka ikome, wekeni kwanza hiyo stoku, halafu mje kunifungia kemisti. Si kinyume.