Naomba ushauri: nijifunze mafundo gani ya kamba kwa kazi ya mapambo niliyoipata hapa Moshi?

Kijana wa Pasua

Ndugu wanajamvi, nawasalimu wote, na wakubwa zangu nawapa shikamoo. Ninaishi Moshi, kazi yangu ni kushona mapazia na vitambaa vya makochi, na tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikijifunza kusuka makrame, yaani mapambo ya kamba yanayosukwa kwa mafundo, kwa kutazama video mtandaoni. Fundo mraba ninaliweza, lile ambalo nyuzi mbili za katikati hutulia na mbili za pembeni hupishana kushoto na kulia, na nimeshaona kwamba ukirudia upande mmoja tu msuko hujizungusha wenyewe. Sasa nimepata kazi ya mapambo kwa mwenye nyumba moja ya kulala wageni, na muda niliopewa ni mfupi. Je, ni mafundo gani mengine ninayopaswa kuyajua upesi? Na je, nichukue kamba ya katani ya milimita 12, au ile ya plastiki yenye rangi ya katani niliyoiona Mbuyuni, ambayo ni nafuu na haina manyoya? Jambo hili limeninyima usingizi, kwa hiyo kila jibu nitalipokea kwa shukrani.

Mama Kibosho

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuanza. Mimi husuka vishikio vya vyungu vya maua, na ninachokuomba uzingatie kabla ya yote ni urefu wa nyuzi. Kata kila uzi mara 4 ya urefu wa kazi unayotaka, na ikiwa utaukunja katikati na kuutundika kwenye kijiti, basi kata mara 8, kwa sababu mafundo hula uzi kuliko macho yanavyokadiria. Uzi ukiisha katikati ya pambo, hakuna kiungo kitakachopendeza. Halafu bei yako ihesabu saa zako pia, kwani wateja wengi hudhani wanalipia kamba tu.

Mzee wa Katani

Kijana wangu, chukua katani. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mitambo ya kusindika mkonge, kule Tanga, na inaniuma kuona plastiki ikiuzwa kwa sura ya zao letu. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Mashamba yote yaliyokuja kuijaza Tanga yalianzia kwenye hivyo 62. Ukitaka kujua kama kamba ni katani kweli, kata kipande uchome ncha yake. Katani huungua ikawa majivu kama karatasi, ila plastiki huyeyuka ikafanya tone gumu. Manyoya yasikusumbue, yanakatwa kwa mkasi baada ya kazi kukamilika.

Mwongoza Wageni, Arusha

Shikamoo mzee, maelezo yako ni mazuri. Hata hivyo nina swali kwa mwenye mada. Pambo la ukutani husukwa kwa kamba ya milimita 3 hadi 5, na ikizidi hapo mafundo huwa makubwa na msuko hauna umbo. Ni pambo gani hilo linalohitaji milimita 12?

Kijana wa Pasua

Asante kaka. Ni mapambo makubwa ya barazani, na mwenye nyumba amependa kamba nene. Ningeomba turudi kwenye mafundo.

Mwongoza Wageni, Arusha

Tutarudi, lakini hatuwezi kukuchagulia fundo kabla ya kujua fundo hilo litabeba nini. Naomba utujibu waziwazi: je, kuna mtu atakayekaa juu ya mapambo hayo?

Kijana wa Pasua

Ndiyo, kaka. Ni viti vinne vya kuning'inia, na vitafungwa kwenye baraza ya ghorofa ya kwanza inayotazama mlima. Sikulitaja mwanzoni kwa sababu nilijua mtanikataza badala ya kunifundisha. Malipo ya awali nimeshapokea na kamba nimeshanunua, kwa hiyo kurudi nyuma hakuwezekani. Isitoshe, sioni hatari kubwa hivyo. Kila kiti kina mafundo mengi sana, uzito wa mtu utagawanyika kila mahali, na hata fundo moja likilegea, mengine yatabaki. Wageni wenyewe ni watu watulivu wanaokunywa kahawa huku wakisubiri mawingu yafunguke.

Dada wa Njiro

Mdogo wangu, nakuambia kwa upendo. Kupokea fedha ya kazi ambayo bado unajifunza ni jambo la kutafakari, na kuificha kwa watu unaowaomba msaada ni jambo zito zaidi. Wageni huja na watoto, na mtoto akiona kiti kinachobembea hatakunywa kahawa, atasimama juu yake na kujirusha.

Mwongoza Wageni, Arusha

Nakushukuru kwa kusema. Sikukatazi, ila hoja yako ya mafundo mengi inahitaji kusahihishwa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mafundo ya kikalio hugawana uzito, hilo ni kweli. Lakini nyuzi zote hupanda na kukutana juu kwenye pete moja, na pete hiyo huning'inia kwa kamba moja na fundo moja. Hapo juu hakuna mwenzake wa kulisaidia. Fundo lenyewe huipunguzia kamba nguvu, kwa takriban robo hadi nusu kutegemea ni fundo gani, na mtu anayeketi kwa kujitupa huleta mvuto usiopungua mara mbili ya uzito wake. Angalia pia pembe ya kamba mbili zinazoshuka kutoka kwenye pete. Zikiwa na pembe ya digrii 60 kati yake, kila moja hubeba kama asilimia 58 ya mzigo. Zikitanuka hadi digrii 120, kila moja hubeba mzigo wote kana kwamba nyingine haipo. Kwa hiyo weka pete juu sana, pembe ibaki nyembamba.

Jambo la pili ni fundo mraba ulilojifunza. Ni lile lile la skauti, kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, ila wewe umelifunga kuzunguka nyuzi za katikati. Katika msuko ni zuri, lakini usilitumie kamwe kuunga kamba mbili zitakazombeba mtu, kwa sababu ncha moja ikivutwa upande wake fundo hunyooka na kuachia.

Mvuvi wa Nyumba ya Mungu

Naunga mkono, na ninaongeza kuhusu ile plastiki. Sisi tunafuma nyavu kwa shazia, na tunajua kwamba uzi unaoteleza haushiki fundo lililozoea katani. Unahitaji mzunguko wa ziada na mkia mrefu. Marehemu baba yangu hakuturuhusu kukata mkia wa fundo la kamba ya nanga, hata likionekana baya namna gani, na mtumbwi wetu haukuwahi kuondoka wenyewe usiku. Hiyo plastiki ya bei nafuu, jua nalo huila. Baada ya misimu michache ukiipinda inatoa unga mweupe mkononi, na ikifika hapo haifai hata kufungia mbuzi.

Mchunguzi wa Sakina

Samahani wanajamvi, mimi siamini habari hii. Someni tena mwanzo. Alituuliza achukue kamba gani, kisha alipobanwa akasema kamba ameshanunua. Ni mwenye nyumba gani wa wageni atakayempa kazi ya viti vinne mtu anayejifunza kwa video? Naona mtu anayetafuta kukusanya maarifa ya bure ili ayauze kama mafunzo, au anayetuandaa tuone tangazo la viti wiki ijayo. Tusipoteze muda.

Dada wa Njiro

Hata mimi sasa nimepata shaka. Ikiwa ni hadithi tu, basi ametutia hofu bila sababu.

Mama Kibosho

Na ikiwa ni kweli, mkanyamaza, mtajisikiaje? Watu wanafunga machela na bembea kila siku katika mji huu bila kuuliza mtu. Ushauri uliotolewa hapa utamfaa anayesoma, awe ameagizwa viti au la.

Kijana wa Pasua

Sijakasirika, shaka hiyo ina haki yake. Nilinunua katani ya kiti kimoja tu, na swali langu lilikuwa kuhusu vitatu vilivyobaki, kwa kuwa katani hiyo imenichubua vidole hadi ninafunga kitambaa ninaposuka. Mwenye nyumba ni mteja wangu wa mapazia, ndiyo maana aliniamini. Kiti cha kwanza nimeshakitundika kwenye mwembe nyumbani nikakikalia. Hakikukatika, lakini kila nilipoinuka niliona ule mkia wa fundo la kwenye pete umefupika kidogo, na hicho ndicho kilichonileta hapa.

Mwongoza Wageni, Arusha

Mkia unaofupika ni fundo linalotembea, na anayeliona hilo amelitazama kwa macho yake. Mimi ninamwamini. Sasa tufanye kazi.

Kikalio na mapambo yote yabaki ya katani, vitapendeza. Kamba ya kutundikia isiwe katani. Wapanda milima waliacha kamba za mimea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nailoni ilipopatikana, na sababu mojawapo ni kwamba kamba ya mimea huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Barazani kwako mvua ya masika itaipiga. Tafuta kamba ya poliesta, ambayo haitanuki sana na huvumilia jua, na uchague ambayo nguvu yake ya kukatika ni angalau mara 10 ya mzigo. Kwenye pete funga fundo la namba nane lililorudishwa: funga nane kwenye kamba, pitisha ncha ndani ya pete, kisha ifuate njia ile ile kurudi hadi mistari ilale sambamba, na uache mkia wa shibiri moja. Fundo hili hukaguliwa kwa macho hata na asiye fundi. Juu, zungusha kamba mara mbili kamili kwenye boriti kabla ya kufunga, ili mzigo ushikwe na msuguano wa mizunguko na fundo libaki na kazi ndogo. Hiyo boriti ni ya nini?

Kijana wa Pasua

Ni mbao ya mringaringa iliyopigiliwa misumari chini ya kenchi. Mwenye nyumba ndiye aliyeichagua kwa rangi yake.

Mwongoza Wageni, Arusha

Misumari huchomoka ikivutwa kuelekea chini. Boriti ishikwe kwa bolti zinazopita upande hadi upande, na fundi seremala aikague kenchi yenyewe. Kabla ya hapo usitundike chochote.

Dada wa Njiro

Na ukuta wa baraza je? Kiti kikibembea nje ya ukingo, kamba imara haitamsaidia mtu anayechupa kutoka kitini.

Kijana wa Pasua

Ukingo unafika kiunoni. Nimemwandikia mwenye nyumba sasa hivi kumwomba viti vihamie baraza ya chini, upande wa bustani. Malipo sitayarudisha, kwa sababu kusuka ninakuweza na nitakumaliza, ila kazi ya boriti nitamwachia seremala na nitamlipa kutoka kwenye fungu langu. Kiti cha kwanza nitakipakia mifuko 5 ya saruji, kilo 250, nikiache usiku kucha kikiwa karibu na ardhi, na alama ya kalamu kwenye kila mkia wa fundo.

Mzee wa Katani

Vizuri, mwanangu. Kabla ya kupakia hiyo saruji, ifunike kwa nailoni kisha ukimwagie kikalio maji hadi kilowe. Katani ikilowa huvimba na kufupika, na ikikauka hulegea, kwa hiyo pima alama zako ikiwa imelowa, kisha uzipime tena ikikauka.