Falsafa na maadili kwa wanafunzi wa masta wa sayansi, mnafundishaje?

MwalimuWaZamu:
Wakuu habari za jioni. Semista hii nimepewa falsafa na maadili ya sayansi kwa masta wa baiolojia na kemia, kipindi Ijumaa jioni wote wametoka maabara hoi. Nikigusa Popper, yule mwanafalsafa wa sayansi, wanashika simu, nikigeukia maadili wananiambia mbona kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, tunacho, yaani kwao maadili ni ule muhuri, ukishagongwa basi. Mliowahi kuifundisha hii mliwashikaje?

Chumvi_ya_Maabara:
Popper mpe likizo kwanza mkuu. Anza na Erasto Mpemba, wa kwetu huyu. 1963 yuko kidato cha tatu sekondari ya Magamba, maziwa yake ya aiskrimu kayaingiza kwenye friza yakiwa bado ya moto yakaganda, ya mwenzake ambaye hakuchemsha bado ujiuji, mwalimu anamwambia umechanganya mambo, anafika sekondari ya Mkwawa mwalimu mwingine anamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, mpaka Osborne, mwanafizikia wa chuo cha Dar, alipotembelea shule Mpemba akamuuliza yeye, wakapima, 1969 wakachapisha. Darasa zima litawacheka wale walimu. Waache wacheke, halafu toa pepa ya Burridge na Linden ya 2016, walirudia vipimo hawakuona maji ya moto yakiyatangulia ya baridi, wakaonyesha kipimajoto kikikaa sentimita moja tu juu au chini unaweza kujidanganya. Sasa waulize kuganda ni nini, maji kufika sifuri au kuwa barafu yote? Wa kwangu walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga mlango, na Popper wakamuulizia wenyewe.

BiPipeti:
Kwenye maadili uliza nani ametumia seli za HeLa, zile zinazokuzwa maabara, mikono itajaa. Ndo uwaambie ni za Henrietta Lacks, mama aliyetibiwa saratani Johns Hopkins 1951, zikachukuliwa bila kuulizwa, familia imekuja kujua miaka ya 70. Ila usiishie hapo maana watasema zamani hiyo, tena Marekani. Kila mtu alete fomu yake ya ridhaa aliyoombea kibali amsomee mwenzake. Kwangu mmoja aliandika "sampuli zitahifadhiwa kwa tafiti zijazo", mwenzie akamuuliza tafiti zipi, na nikighairi mwakani damu yangu mnaitoaje humo kwenye friza? Hakuwa na jibu, na muhuri anao.

Kijiwe77:
Mnazunguka tu. Maadili yanayowauma masta ni jina la nani linatangulia kwenye pepa. Mtu kakesha na data, msimamizi hata maabara haijui anakuwa wa kwanza. Utafundisha hilo wakati huyo msimamizi mnagawana korido?

MwalimuWaZamu:
😂 Kijiwe unataka nihamishwe. Ntaliweka kama kisa cha kubuni, tena wiki ya mwisho. BiPipeti hiyo ya fomu naanza nayo Ijumaa. Chumvi, pepa ya 2016 inapatikana bure?

Chumvi_ya_Maabara:
Bure kabisa, ipo kwenye jarida la Scientific Reports. Ila usiwape kabla hawajamaliza kucheka.